Waya Mwembamba Chini ya Mlingoti

Mazungumzo ya leo ni ya wenzetu wa redio za ridhaa, wale ambao jioni, wengine wakigeukia runinga, wao hugeukia mawimbi mafupi na kumwita mtu wasiyemjua wa Pretoria, wa Muscat au wa Osaka. Lakini hata wewe usiye na leseni ya kurusha mawimbi, usizime redio yako. Mada ni waya, na ndani yake mna hesabu ya pesa ambayo fundi umeme mzoefu huikosea kwa sababu ya uzoefu wake huo huo.

Tuanze na antena yenyewe. Mtu wa kiwanja cha 20 kwa 20, nyumba katikati, banda la kuku pembeni, hana pa kutandika antena ndefu ya kulala. Anachofanya ni kusimamisha mlingoti. Kwa bendi ya mita 40, yaani masafa ya megahezi 7, mlingoti wa robo ya wimbi una urefu wa mita 10 na ushei. Bomba la alumini linafaa, na waya uliopandishwa kwenye mwanzi mrefu unafaa vilevile.

Shida ya mlingoti huu ni kwamba ni nusu ya antena. Antena ya kulala ina mikono miwili. Umeme ukisukumwa huku, unavutwa kule. Ya kusimama ina mkono mmoja tu, wa pili inauazima ardhini. Mkondo unaopanda juu lazima uwe na mwenzake unaorudi kupitia udongo uliouzunguka mlingoti, na udongo, hata uliolowa mvua za masika, hupitisha umeme kwa taabu sana. Hapo ndipo wati zako zinapoishia: zinawapasha joto mchwa badala ya kwenda Osaka. Dawa yake ni kutandaza nyaya chini, kuanzia kwenye kitako cha mlingoti kuelekea pande zote, ili mkondo upate njia ya shaba ya kurudia. Nyaya hizo wenyewe wanaziita radiali.

Sasa ingia duka la vifaa vya umeme Kariakoo, au pale Luthuli Avenue mjini Nairobi, useme unataka waya wa kutandaza ardhini. Muuzaji atakuuliza: wa 1.5 au wa 2.5, yaani milimita za mraba za shaba? Akishasikia neno ardhi atakuletea waya wa athi, ule wa kijani wenye mstari wa njano, na kama ana huruma atakushauri uchukue mnene kabisa usije ukajuta baadaye. Hana nia mbaya. Amelelewa na umeme wa majumbani, ambako waya mwembamba kwenye pasi au birika unaweza kuunguza nyumba. Kwenye soketi anasema kweli. Chini ya mlingoti, kanuni hiyo haina kazi.

Sikiliza hesabu. Redio ya kawaida ya ridhaa hutoa wati 100. Mlingoti wa robo ya wimbi, ukiwa na ardhi nzuri chini yake, una ukinzani wa omu 36 hivi, na huo ndio ukinzani wenye faida, unaogeuza umeme kuwa mawimbi. Ukigawa wati kwa omu na kutafuta kipeuo cha pili, unapata mkondo wa ampea 1.7. Mzigo wote ndio huo. Ugawe kwa wapagazi 32, yaani radiali 32, kila mmoja atabeba ampea 0.05. Chaja ya simu ya kitochi inapitisha zaidi ya hapo.

Kuna la pili, ambalo fundi wa nyumba hana sababu ya kulijua. Umeme wa masafa ya juu haupiti katikati ya waya, hukimbilia kwenye ngozi. Kwenye megahezi 7 sehemu kubwa ya mkondo hupita katika tabaka la shaba lenye unene wa milimita 0.025, jembamba kuliko unywele wako. Shaba iliyo ndani zaidi imekaa bure. Ni kweli kwamba waya mnene una ngozi pana zaidi, lakini angalia unavyoilipia: ukizidisha kipenyo mara mbili, ngozi inakuwa mara mbili, uzito wa shaba unakuwa mara nne.

Na shaba, hata ikiuzwa kwa mita, bei yake inatoka kwenye mizani. Kilo moja ikivutwa kuwa waya wa 2.5 inatoa mita 45 hivi. Ikivutwa kuwa wa 1.5 inafika mita 74. Ikivutwa kuwa uzi wa kipenyo cha nusu milimita, kama zile nyuzi zilizomo ndani ya kebo ya mtandao wa kompyuta, inatoa zaidi ya mita 500. Kilo ile ile moja.

Utaniuliza, na hasara je? Ipo, na tuipime. Mita 10 za uzi wa nusu milimita zina ukinzani wa omu 4 na kidogo kwenye masafa hayo. Mita 10 za waya wa 1.5 zina omu 1.6. Hapo mwembamba ameshindwa vibaya. Lakini ziunganishe 32 kwenye kitako kimoja, ukinzani unagawanyika: nyembamba zinabaki na omu 0.13, nene zinabaki na 0.05. Pungufu ya sehemu moja ya kumi ya omu, mbele ya omu 36 za mlingoti. Hakuna sikio la kuisikia tofauti hiyo, wala mita ya bei ya kawaida ya kuisoma.

Kinachosikika ni idadi. Mwaka 1937, wahandisi watatu wa kampuni ya RCA nchini Marekani, George Brown, Lewis na Epstein, walichapisha vipimo ambavyo mpaka leo vinatajwa kila watu wa antena wanapokutana. Walisimamisha mlingoti, wakafukia radiali chache, wakapima nguvu ya mawimbi. Wakaongeza, wakapima tena, hadi radiali 113. Kila walipoongeza, mawimbi yalipata nguvu. Wakaona na jambo jingine lenye faida kwa mtu wa mfuko mdogo: zikiwa chache, 15 kwa mfano, kuzirefusha hakusaidii sana. Ukiwa mbali na mlingoti, nafasi kati ya waya na waya imekuwa pana, mkondo umekwisha kutumbukia udongoni, na ule mkia mrefu wa waya unakuwa wa kupendezesha ramani tu. Kutokana na kazi hiyo, vituo vya utangazaji vya masafa ya kati vilipata desturi ya kuweka radiali 120.

Sisi wa uani 120 za nini? Kitabu cha antena cha ARRL, chama cha wanaredio wa ridhaa wa Marekani, kina jedwali la zamani linalonipendeza kwa sababu linaanzia kwenye waya ulio nao. Ukiwa na kidogo, weka radiali 16 za moja ya kumi ya wimbi, ambayo kwa bendi ya mita 40 ni mita 4.2, utapoteza desibeli 3, yaani nusu ya nguvu yako, ukilinganisha na ardhi kamilifu. Weka 24 za moja ya nane ya wimbi, mita 5.3, hasara inashuka hadi desibeli 2. Weka 36 za mita 6.3, ni desibeli 1.5. Kwenye mita ya redio ya mtu anayekupokea, alama moja ni desibeli 6. Basi hasara ya desibeli 2 ni theluthi ya alama, kitu ambacho anga lenyewe hukibadilisha ukiwa bado unataja jina lako.

Kwa maoni yangu, 24 za mita 5.3 ndilo chaguo la mtu mwenye kiwanja cha kawaida. Ukiweka mlingoti kwenye kona, baadhi zitagonga ukuta. Zipinde zifuate msingi wa nyumba. Si lazima zinyooke, wala si lazima zilingane. Waya uliolala ardhini umeshavurugwa na udongo kiasi kwamba kuukata kwa vipimo vya sentimita ni kujichosha.

Sasa tufike sokoni. Radiali 24 za mita 5.3 ni mita 127 za waya. Kebo ya mtandao wa kompyuta, ile ya kijivu au buluu, ina nyuzi 8 ndani yake, zimesokotwa mbilimbili. Kata vipande 3 vya mita 5.3, menya ganda la nje, sokotoa nyuzi: umeshapata 24. Chini ya mita 16 za kebo zimemaliza kazi ambayo ungebeba zaidi ya roli nzima ya waya wa nyumba kuifanya. Kebo hizi huja kwenye maboksi ya mita 305, na mafundi wa mitandao wanapomaliza ofisi huacha vipande vya mita tano, mita kumi, ambavyo havimfai tena mtu yeyote. Nenda kawaombe kwa heshima.

Plastiki iliyozunguka kila uzi, iache. Wengi hukaa usiku kucha wakimenya, wakidhani radiali lazima iguse udongo kama waya wa athi. Sivyo. Hapa hatutafuti kuunganisha shaba na udongo, tunatafuta kuupa mkondo njia nyingine, na mawimbi hayazuiwi na plastiki. Tena plastiki ndiyo inayoilinda shaba dhidi ya chumvi na mbolea ya kuku.

Lakini uwe na wembe mfukoni. Kebo za bei ya chini kabisa siku hizi mara nyingi ni alumini iliyopakwa shaba juu. Kwangua uzi: ukiona weupe chini ya wekundu, ndiyo hiyo. Kiumeme haina ubaya, kwa kuwa mkondo unapita kwenye ngozi. Ubaya wake ni kwamba plastiki ikichubuka na maji yakaingia, shaba na alumini zikilowa pamoja hulana, na ukikunja uzi mara mbili tatu unakatika. Kwa bei ya bure, ichukue. Kwa bei ya shaba, mrudishie mwenyewe.

Chanzo kingine ni transfoma za UPS na stabilaiza zilizokufa. Waya wake wa kupakwa vanishi unakunjuka mrefu na mzuri. Waya wa mota zilizoungua haufai sana, kwa sababu fundi wa kusuka mota huukata vichwa ili autoe, unabaki vipande vifupi, na mara nyingi umepitishwa motoni.

Alumini tupu ni nyepesi na rahisi, inapitisha umeme vizuri, lakini udongo wenye chumvi au chokaa huila, na huwezi kuichomea risasi kwa njia ya kawaida. Waya wa seng'enge uliopakwa zinki unafanya kazi kwa muda zinki ikiwa hai. Halafu kuna waya wa kufungia nondo, ambao kila mtu humshawishi mwenzake autumie kwa kuwa unapatikana kila duka la ujenzi. Chuma huvutwa na sumaku, na kwenye masafa haya mkondo unabanwa kwenye ngozi nyembamba zaidi hata kuliko ya shaba. Ukinzani wake unaweza kuzidi wa shaba mara 30. Ukiweka nyingi sana, siku za mwanzo utasikika. Baada ya masika mawili umebaki na mistari ya kutu kwenye udongo, na kazi yote unaanza upya. Kwa kambi ya siku mbili za mwisho wa wiki, sawa. Kwa nyumbani, bei yake ya chini ni ya mwaka wa kwanza tu.

Nitasema na hili bila kuzunguka. Shaba ya bei ya ajabu mara nyingi ina mwenyewe. Nyaya za simu, za reli na za umeme zimeibwa sana katika nchi zetu, hata Kenya, Januari 2022, serikali ikasimamisha kwa miezi kadhaa biashara yote ya vyuma chakavu kwa sababu ya uharibifu wa miundombinu. Mwanaredio wa ridhaa ana leseni ya serikali, jina lake liko kwenye daftari la mamlaka ya mawasiliano. Akinunua roli ya shaba iliyochunwa kutoka kwa mtu asiyeeleza alikoipata, amejitafutia makubwa. Na ukitandaza waya mnene wa shaba tupu uani kwako, wewe nawe umemwekea mwizi chakula mezani. Zile nyuzi 24 zote kwa pamoja hazifikishi robo kilo ya shaba. Mwizi mwenye akili ataziacha.

Kutandaza kwenyewe hakuhitaji trekta. Penye nyasi, lalisha waya juu ya ardhi, ubane kwa vipande vya waya mgumu vilivyopindwa kama herufi U, na baada ya mvua chache nyasi zitaufunika. Lakini nyua zetu nyingi hazina nyasi, zinafagiliwa kila asubuhi, na fagio la chelewa halina simile na waya. Chukua panga, pasua udongo mstari wa kina cha sentimita tatu au nne, sukumia waya ndani, kanyagia. Usiende chini zaidi. Kadiri unavyozika ndivyo udongo unavyokula mawimbi, na jembe la mama mwenye bustani litakufuata hata huko. Mwambie mapema nyaya zinapita wapi.

Pale kitakoni, nyaya zote hukutana kwenye kipande cha bati la shaba au pete ya waya mnene, na pete hiyo huungwa na wavu wa nje wa kebo ya koaksia. Hapa ndipo pa kutumia pesa. Bolti ziwe za chuma kisichoshika kutu, shaba isigusane moja kwa moja na bomba la alumini, na viungo vya risasi vibaki juu ya udongo, vipakwe rangi. Viungo vikifukiwa huoza kabla ya waya. Na nyaya hizi zisihesabiwe kuwa kinga ya radi, hiyo ni kazi ya fimbo za athi zilizopigiliwa chini. Mlingoti nao usimame mahali ambapo hata ukianguka hauwezi kugusa nyaya za umeme za barabarani.

Watu wa pwani wana bahati yao. Maji ya bahari hupitisha umeme mara elfu moja zaidi ya udongo wa wastani. Mwenye ruhusa ya kusimamisha mlingoti pale maji yanapojaa, Tanga, Lamu au Nungwi, radiali chache zinamtosha, na anaweza kumshinda mwenye 60 kule bara. Ila hewa ile ile ya chumvi inamaliza zinki na alumini haraka, kwa hiyo yeye hasa ndiye wa kung'ang'ania shaba yenye plastiki. Kwenye mawe ya matumbawe, ambako panga haliingii, lalisha tu juu na uweke vijiwe.

Ipo njia ya kutumia waya kidogo zaidi: kuinua. Rudy Severns, mhandisi wa Marekani anayejulikana kwa ishara yake ya wito, N6LF, alipima kwa uangalifu mwaka 2008 na 2009 akaona kwamba radiali 4 zilizoinuliwa hewani zinakaribia kazi ya 64 zilizolala chini. Mita 40 na ushei za waya, basi. Lakini hizo sasa zinataka kukatwa kwa urefu sahihi, mita 10 na ushei kila moja, ziende pande nne sawasawa, na ncha zake zina volti za kuunguza kidole, kwa hiyo ziwe juu ya kichwa cha mtu mrefu. Kwenye uwanja wa watoto, mbuzi na kamba za kuanikia nguo, sioni kama ni nafuu.

Utajuaje kwamba umetosheka? Hapa wengi hudanganywa na mita ya SWR, ile inayoonyesha kiasi cha nguvu kinachorudi nyuma. Mtu anaweka radiali nne, sindano inaonyesha 1 kwa 1, safi kabisa, anashangilia. Kumbe mlingoti una omu 36, udongo umeongeza 14 za hasara, jumla 50, sawasawa na kebo yake. Zaidi ya robo ya nguvu inaishia ardhini na mita inampongeza. Anapoongeza radiali, sindano inapanda kuelekea 1.3 au 1.4, anaogopa, anazing'oa. Asizing'oe. Redio haiogopi 1.4.

Azima NanoVNA, kifaa kidogo cha bei nafuu kinachosoma omu zenyewe. Unganisha radiali nne, soma. Nne nyingine, soma. Namba itashuka kwa hatua kubwa mwanzoni, kisha ndogo. Nne zinazofuata zikishindwa kupunguza hata omu moja, hapo acha, hata kama ni 20 na hukufika 24. Na kabla hujafungia vifaa, kumbuka kwamba mita 5.3 ni robo ya wimbi kamili kwa bendi ya mita 20. Pandisha waya wa pili wa mita 5 kando ya mlingoti, uunge pale pale chini, na radiali zile zile zitakuhudumia megahezi 14 bila kununua uzi mwingine.